Jani Kabla ya Korona

Alifika Bombo akiikokota baiskeli.
Toka Pongwe mpaka mjini, mtu na baiskeli yake
wanatembea sambamba kama mashemeji waliogombana,
maana tandiko hakuweza tena kulikalia.
Mwaka mzima aliambiwa ni bawasiri.
Akanywa mizizi, akakalia beseni la maji ya chumvi,
damu akamficha mkewe kwa vipande vya gazeti.

Siku hiyo sikumwona.
Mimi huletewa watu wakiwa vipande.
Chake kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama,
kimezama ndani ya nta, na kwa kalamu ya risasi:
Semhando, Y. Puru. Sentimita sita kutoka mlangoni.

Nikakikata, mikroni nne.
Utando ukaelea juu ya maji ya vuguvugu,
nikaunasa kwa kioo, pumzi nimeibana;
chafya moja tu ingeukunja.

Kisha rangi.
Ipo protini ambayo, ikiwemo, kiini cha seli hugeuka kahawia
kama kikombe kilichosahaulika na masalia ya chai.
Isipokuwemo hubaki buluu, kimya.
Daktari Mwanakheri anataka kujua jambo moja:
kabla ya kisu, akienda Dar kupigwa mionzi,
uvimbe huu utayeyuka,
au utakaa kama mwamba wa Amboni?
Kwa sababu wapo wanaoungua ngozi, wanaohara wiki tano,
waliouza shamba kwa nauli na kodi ya chumba,
na uvimbe ukarudi nao vilevile, hata haukukonda.

Alikuja tena kutia sahihi ya ridhaa.
Nikamwambia ukweli: "Majibu haya hayabadilishi safari yako.
Bado tunajifunza kuyasoma."
Akaniangalia, amesimama. Kiti alikikataa.
"Miaka thelathini na moja nimelisha korona mkonge.
Jani likija, nikilishika tu shinani najua:
hili litatoa singa ndefu, hili makapi.
Lakini mashine haiulizi. Inasaga yote.
Ninyi mnataka kuliuliza jani kwanza."

Ndiyo, nilisema. Chuoni miaka mitatu
sikuwahi kulisema vizuri hivyo.

"Na wewe ulikuwa hukosei?"
"Nilikosea mno! Unadhani nilijifunzaje?"

Nilihesabu usiku, jenereta likinguruma nje.
Seli sabini na mbili katika kila mia, kahawia.
Makala ninazosoma zinasema aina hii ni kaidi.
Kipimo cha pili, cha jeni, kinasema italegea.
Mashahidi wawili, kesi moja, kila mmoja ameapa.
Na makala zenyewe zilihesabu watu wa mbali,
hakuna hata mmoja aliyezaliwa Muheza.
Nikaandika namba. Neno sikuliandika.
Jirani yangu wa Makorora apigaye ramli
hajawahi kumwambia mteja "sijui".
Ndiyo sababu ana nyumba ya ghorofa.

Jumanne simu ikalia. Ujumbe, kutoka Dar:

*Mionzi imo mwilini, siku ya kumi na sita,*
*Nimelazwa ubaoni, mashine yanipepeta,*
*Nakumbuka koronani, jani tukilikamata,*
*Baiskeli hali gani, kutu haijaipata?*

Aliiacha kwangu, nyuma ya maabara,
imefungwa kufuli kwenye bomba la maji,
tandiko kalivika mfuko wa sukari.
Ufunguo ninao, uko kwenye droo ya vioo
karibu na yeye mwenyewe, yaani ile nta.

Zimebaki siku tisa, halafu wiki za kungoja, halafu kisu.
Watanirudishia kipande kingine, kikubwa zaidi,
nami nitatafuta humo kovu, au kahawia.
Sijui.

Gurudumu la nyuma lilikuwa limelala.
Nimelijaza upepo leo asubuhi.
Nimejibu: *Haijaipata.*